Masomo ya Mitandao ya Kompyuta: Tuchague Kozi Gani?

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.



Halmashauri ya tawi ilitutaka tuseme juu ya swali ambalo limeulizwa mara nyingi katika ofisi ya chama. Mwanachama akitaka kujifunza kazi ya mitandao ya kompyuta, aende chuo gani, asome kozi gani, na fedha zitoke wapi? Sisi tuliopewa kazi ya kulichungua jambo hili ni watu wa karakana na watu wa simu za reli, si waalimu. Tulizuru vyuo, tukauliza bei, tukatazama vyumba vya kusomea, na tukazungumza na wenzetu waliokwisha kusoma. Tutasema yale tuliyoyaona kwa macho, pamoja na yale yaliyomo katika sheria ambayo kila mtu aweza kuisoma.

Kwanza yafaa tukubaliane kwa nini jambo hili ni la chama. Wako wenzetu wanaosema kwamba kusoma ni jambo la mtu na nyumba yake, na kwamba kazi ya chama ni mishahara na posho ya nyumba. Twawajibu kwa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema namna mwajiri apaswavyo kufanya akitaka kupunguza watu. Lazima akiarifu chama mwezi mmoja kabla. Lazima alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima wa kazi. Na katika kuchagua nani aende na nani abaki, lazima atazame urefu wa utumishi, na ujuzi, na uwezo, na uaminifu wa kila mtu. Sikilizeni neno hilo: ujuzi. Sisi tumezoea kusema, "Mimi nimekaa miaka 15, hapana mtu atakayenigusa." Sheria haisemi hivyo. Yaitaja miaka, kisha karibu yake yautaja ujuzi. Mtu mwenye miaka mingi na ujuzi wa mtambo uliokwisha kung'olewa anasimama kwa mguu mmoja.

Na mitambo inang'olewa, twaiona. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, hata ilipofika ziwani Kisumu mwaka 1901, waya wa simu ya maandishi ulikwenda ubavuni mwa njia, na fundi wa waya alikuwa mtu mkubwa. Mwaka 2009 kebo za SEACOM na TEAMS zilipandishwa pwani ya Mombasa kutoka baharini, na mwaka uliofuata EASSy. Kabla ya hapo karibu mawasiliano yote ya nchi hii na ng'ambo yalipita kwenye setilaiti, kwa bei kubwa. Tangu hapo faiba imezidi kuchimbiwa ardhini, bara mpaka mipakani. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipoanza kuchukua abiria mwaka 2017, msafiri alikuja kununua tiketi kwa simu yake ya mkononi na kulipa kwa M-Pesa. Mahali alipokaa karani na kijitabu cha tiketi sasa kuna mtandao. Mtandao ukikatika, foleni husimama mpaka nje ya mlango, na anayeitwa kuutengeneza mara nyingi hutoka kwa mkandarasi. Fundi wetu humshikia ngazi. Ngazi hiyo ndiyo iliyotuleta katika mkutano huu.

Sasa, mtandao wa kompyuta ni kitu gani? Mtu wa reli hana haja ya kuliogopa neno hili, kwa maana kazi yenyewe ni ndugu ya kazi yetu. Mtu akituma picha kutoka kompyuta moja hata nyingine, picha hiyo haiendi nzima. Hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande hufungwa anwani mbili, ya kule kitokako na ya kule kiendako, kama behewa la mizigo lifungwavyo kadi yake. Vipande vyaweza hata kupita njia mbalimbali. Katika kila makutano ya njia kuna chombo kiitwacho ruta. Ruta husoma anwani, hutazama daftari lake la njia, kisha hukipeleka kipande hata makutano ya mbele. Haibebi safari yote kichwani. Yajua hatua ifuatayo tu, kama mtu wa pointi. Vipande vikifika mwisho hupangwa kwa namba zao, na kama kimoja kimepotea njiani, hudaiwa kiletwe tena. Chombo cha pili ni swichi, ambayo huziunganisha kompyuta za nyumba moja, nayo ni kama yadi ndogo ya stesheni. Mtu aliyepanga mabehewa yadini usiku wa mvua amekwisha kuelewa nusu ya somo, ingawa hajui.

Nusu iliyobaki hufunzwa, na hapo ndipo shida ya kuchagua ianzapo, kwa sababu mjini kila ghorofa ina kibao cha chuo cha kompyuta.

Tutawasimulia habari moja. Wenzetu wanne walichukua mkopo wa Sacco wakalipa Shs. 65,000/- kila mmoja katika chuo kimoja ambacho jina lake tunaliacha. Kozi ilikuwa ya miezi 3. Chumbani walikuwa watu 30 na kompyuta 12. Ruta ilikuwako, moja, ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa mkurugenzi, naye mkurugenzi alikuwa safarini. Mwalimu aliwaonyesha picha ukutani, wakanakili maneno. Mwisho walipewa cheti kizuri sana, chenye utepe na muhuri wa rangi ya dhahabu, kilichotiwa sahihi na mkurugenzi yule yule. Mmoja wao akakipeleka kwa mkandarasi kuomba kazi ya siku za mapumziko. Yule mkandarasi hakukisoma cheti. Alimpa kipande cha kebo, plagi moja na koleo la kubania, akamwambia, "Nifungie hii." Mwenzetu aliitazama kebo, akaona nyuzi 8 za rangi mbalimbali, na hakujua ipi itangulie.

Mkopo ule bado unakatwa katika mshahara wake.

Basi nyuzi zile zapangwa hivi, na yeyote aandikaye na aandike: nyeupe yenye mstari wa machungwa, kisha machungwa, nyeupe yenye kijani, kisha buluu, nyeupe yenye buluu, kisha kijani, nyeupe yenye kahawia, kisha kahawia. Mpango huu huitwa T568B. Uko mwingine uitwao T568A, ambao hubadilishana nafasi za machungwa na kijani. Neno kubwa ni kwamba ncha zote mbili za kebo zifuate mpango mmoja. Tena kebo ya shaba ya namna hii isipite mita 100 toka swichi hata kompyuta. Ikizidi hapo, twapeleka faiba au twaweka swichi nyingine katikati. Haya yote tumeyasema kwa dakika mbili. Wenzetu walikaa chuoni miezi 3 bila kuambiwa.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza, nalo ni kubwa kuliko yote, ni hili. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, omba kukiona chumba cha kufanyia kazi, na uombe kukiona siku ya masomo, watu wakiwamo. Hesabu ruta na swichi. Tazama kama zina vumbi. Chombo kinachoguswa na wanafunzi kina alama za vidole, na nyaya zake zimechakaa kwenye ncha. Uliza mwanafunzi, usimwulize mkurugenzi: wiki iliyopita mlifanya nini kwa mikono? Akikujibu kwamba alifunga kebo, akaipima, akaipa ruta anwani, kisha mwalimu akaiharibu makusudi ili wao waitafute hitilafu, basi chuo hicho ni cha kweli, hata kama ukuta wake hauna rangi. Akikujibu kwamba walipewa karatasi za kusoma, mshukuru uende zako.

Halafu uliza ni nani atakayekutahini. Hapa watu wengi hupotea. Chuo kinachofundisha, kikatahini, kikatoa cheti chenyewe, kinajisifu chenyewe. Twataka mtahini awe mtu mwingine. Katika Kenya, kwa Sheria ya mwaka 2013 ya mafunzo ya ufundi, chuo cha ufundi chapaswa kusajiliwa na mamlaka iitwayo TVETA, na orodha ya vyuo vilivyosajiliwa iko wazi kwa watu wote. Chuo kikisema kimesajiliwa, omba namba ya usajili ukaitafute katika orodha. Tena usajili wa chuo ni jambo moja na ruhusa ya kufundisha kozi fulani ni jambo jingine. Chuo chaweza kuwa na ruhusa ya ushonaji kikafundisha kompyuta mlango wa nyuma. Uliza vyote viwili.

Mtihani wenyewe waweza kuwa wa KNEC, au wa TVET CDACC, au wa NITA. Mpango wa CDACC umepangwa kwa daraja: la 4, la 5, na la 6 ambalo ni diploma. Twaupenda mpango huu kwa sababu mtahiniwa hutazamwa akifanya kazi yenyewe, na hukumu yake ni kwamba amemudu au hajamudu bado. Kwa kawaida daraja la 6 huomba C- ya KCSE, na la 5 huomba D. Hapo twasikia wengine mkiguna. Tunajua. Wengi wetu tuliishia darasa la 8 katika shule za misheni, na karatasi ya KCSE hatuna.

Kwa watu wa namna hiyo iko njia ambayo haitangazwi sana, nayo ni kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana kazini. Mtu aliyefanya kazi ya simu au signali miaka mingi aweza kuomba apimwe kwa yale ayajuayo, bila kuanza tena darasani kama mtoto, akapewa cheti cha daraja lake. Huhitaji kuleta ushahidi wa kazi: barua za kazi, picha, maelezo ya msimamizi. Barua hizo zitunzeni. Wengi wetu twazitupa, au twazifungia karanga. Halmashauri imekwisha mwandikia mkubwa wa kazi kuomba kwamba kila fundi apewe barua inayosema alifanya kazi gani hasa, maana "mfanya kazi wa jumla" haielezi neno lolote.

Sasa tuseme juu ya mitihani ya ng'ambo, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi katika matangazo. Mikubwa kwa mtu anayeanza ni miwili. Wa kwanza ni CCNA, wa kampuni ya Cisco ya Marekani, ambayo hutengeneza ruta na swichi. Wa pili ni Network+, wa CompTIA, ambao haukufungwa na vyombo vya kampuni moja. Wote wawili hauulizi ulisoma mpaka darasa gani. Hilo ni jambo zuri kwetu. Mtu wa darasa la 8 na mtu wa digrii hukaa meza moja, na mashine huwapa maswali bila kuwatazama usoni.

Lakini sikilizeni gharama. Ada ya mtihani wa CCNA ni dola 300 za Marekani. Dola ikiwa karibu Shs. 130/-, hiyo ni karibu Shs. 39,000/-, mbali na kodi. Ni ada ya kukaa dakika 120 mbele ya kompyuta, na ukishindwa hairudi. Kujaribu tena ni kulipa tena. Chuo kinachotangaza kozi ya CCNA kwa Shs. 40,000/- lazima kiulizwe kwa maneno wazi: ada ya mtihani imo au haimo? Vyuo vingi tulivyovizuru viliposikia swali hilo vilianza kusema habari nyingine. Tena kuna ujanja wa maneno. Chuo hutoa "cheti cha kozi ya CCNA", maana yake ulihudhuria. Cheti cha CCNA chenyewe hutoka kwa Cisco baada ya kufaulu mtihani katika kituo cha mtihani kinachotambuliwa. Ni karatasi mbili zenye jina moja, na mwajiri anajua tofauti yake.

Jambo jingine: vyeti hivi vya ng'ambo hudumu miaka 3. Baada ya hapo lazima mtu avihuishe, ama kwa mtihani mwingine ama kwa masomo ya nyongeza. Sababu yake yaeleweka, vyombo hubadilika. Lakini yafaa mtu ajue kwamba analipa tena na tena. Cheti cha Serikali hakina mwisho wa namna hiyo. Kwa hiyo, kwa maoni yetu, mtu mwenye watoto shuleni na asiye na cheti chochote aanze na cheti cha Serikali, kisha CCNA ije baadaye, ikiwezekana kwa fedha za mwajiri. Kijana asiye na familia, ambaye amekwisha kuonja kazi hii na kuipenda, aweza kwenda moja kwa moja kwenye CCNA. Bwana Katibu haafikiani nasi hapa. Yeye asema kila mtu aanze na CCNA kwa sababu makandarasi huiuliza. Tumebishana naye wiki mbili. Mtamsikia mwenyewe wakati wa maswali.

Wako pia watu wanaouza maswali ya mtihani kwa simu. Wanasema ni maswali yenyewe ya mwaka huu, yakariri tu. Tusinunue. Wenye mtihani wakigundua hufuta cheti na kumzuia mtu, na hata wasipogundua, siku ya koleo na kebo itafika tu.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo mkurugenzi wa chuo hatakuambia. Mtu aweza kuanza bila kulipa. Cisco ina mpango wake wa mafunzo, Networking Academy, ulioanza mwaka 1997, na katika mpango huo kuna kozi za mwanzo ambazo hutolewa bure kwa mtu yeyote anayejiandikisha. Tena kuna programu iitwayo Packet Tracer, nayo bure. Ndani yake mtu huchora ruta na swichi na kompyuta, huziunga kwa nyaya, huzipa anwani, na huona vipande vikitembea toka moja hata nyingine kwa mwendo wa polepole. Hufanya kazi katika kompyuta ya kawaida. Hatusemi kwamba yatosha. Plagi haifungwi kwa picha. Lakini kwa kujifunza anwani na njia ni bora kuliko ile ruta iliyofungiwa kabatini.

Kwa hiyo twaomba kila mwanachama anayetaka kozi ajipe kwanza miezi 2 ya Packet Tracer na masomo ya bure. Wengine watagundua kwamba kazi hii haiwapendezi, nao watakuwa wameokoa mkopo wa Sacco. Wengine wataingia chuoni wakijua cha kuuliza.

Wengi wametuambia kwamba waogopa hesabu. Hesabu iliyoko ni hii. Kila anwani ya mtandao ya namna ya zamani ina sehemu 4, na kila sehemu hupimwa kwa mawe 8 ya mizani: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Jumlisha yote upate 255, na hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote katika sehemu moja. Ukitaka 192 weka jiwe la 128 na la 64, basi. Ukitaka 168 weka 128, 32 na 8. Mama muuza viazi sokoni anafanya hesabu hii kila asubuhi kwa mawe ya kilo. Halafu mtandao mmoja wenye anwani 256 hutoa 254 za kutumiwa, kwa sababu ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kuita watu wote pamoja. Ukiukata mtandao huo vipande 4 vilivyo sawa, kila kipande kina anwani 64, na za kutumiwa ni 62. Mkienda kuchungua chuo, mwulizeni mwalimu swali hilo la vipande 4. Asipoweza kulieleza ubaoni kwa chaki, tafuteni chuo kingine.

Taabu kubwa kuliko hesabu ni Kiingereza. Vitabu ni vya Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na amri za ruta ni za Kiingereza. Kwa jambo hili hatuna dawa ya haraka. Tumeona tu kwamba waliofaulu walisoma watatu watatu, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akieleza kwa Kiswahili, wa tatu akijaribu kwenye kompyuta. Aliyesoma peke yake chumbani usiku aliacha kabla ya mwezi kwisha.

Zamu nayo ni adui. Kozi za jioni hupangwa kwa watu wa ofisi: Jumanne na Alhamisi, saa 12 hadi saa 2 usiku. Mtu wa treni yuko Voi. Mtu wa signali yuko zamu ya usiku wiki hii, na wiki ijayo mchana. Akikosa vipindi 4 haelewi tena, na ada imekwisha kulipwa. Msilipe kozi kabla ya kuiweka ratiba yake kando ya ratiba ya zamu zenu. Ulizeni kama kipindi hurudiwa mwisho wa wiki. Na hapa chama kina kazi: tumeomba kwamba mwanachama aliyejiandikisha katika kozi iliyokubaliwa apangiwe zamu ya namna moja mpaka kozi iishe. Mkubwa wa kazi alisema atalitazama. Tumemwandikia mara ya pili.

Tumebakiza fedha. Waajiri hulipa kodi ya mafunzo, Shs. 50/- kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, fedha ambazo husimamiwa na NITA. Si fedha za kukatwa katika mishahara yetu. Ni wajibu wa mwajiri. Mwajiri ambaye hana deni la kodi hiyo aweza kumpeleka mfanya kazi kusoma, kisha akadai NITA imrudishie sehemu ya gharama. Masharti yapo: mwalimu au chuo kiwe kimesajiliwa na NITA, na mwajiri aombe kibali kabla ya kozi kuanza. Hilo la "kabla" ndilo linalotuangusha. Mfanya kazi hulipa kwa mkopo wake, anasoma, anafaulu, kisha analeta risiti kwa mwajiri. Mlango umekwisha fungwa. Kwa hiyo ombi liandikwe kwanza, lipitie kwa msimamizi na nakala ije ofisi ya tawi, na masomo yaanze baada ya kibali.

Mwajiri akikubali kulipa, mara nyingi huleta mkataba wa kumfunga mtu abaki kazini miaka kadhaa, au arudishe gharama akiondoka. Hatusemi ni dhuluma. Fedha ni zake. Lakini msitie sahihi mkiwa peke yenu. Leteni karatasi hiyo tuisome pamoja, tuone ni miaka mingapi, na kama deni hupungua kila mwaka unaokaa, na inakuwaje mwajiri mwenyewe akikuachisha kazi. Tumeona karatasi moja ambayo mtu angedaiwa hata kama amepunguzwa. Tuliirudisha, ikaandikwa upya.

Katika mazungumzo ya mapatano yajayo, halmashauri itaomba mambo matatu yaandikwe: kwamba kila mtambo mpya ukiletwa, mafundi waliopo wafunzwe kabla ya kazi kupewa mkandarasi, kwamba mkandarasi afanye kazi pamoja na fundi wetu, awe ameshika koleo, asishike ngazi, na kwamba aliyepata cheti katika kozi iliyokubaliwa apandishwe daraja la mshahara. La tatu ndilo litakalokuwa gumu. Tutahitaji kuonyesha majina ya watu wenye vyeti vya kweli, siyo vya utepe, na kwa sababu hiyo tumesema maneno mengi namna hii juu ya kuchagua.

Karani wa tawi amefungua daftari. Anayetaka kusoma aandike jina lake, kazi yake, mwisho wa masomo yake ya shule, na zamu zake za miezi 3 ijayo. Dada zetu wa ofisi ya tiketi na vifurushi waandike pia. Mwezi uliopita walidhani daftari ni la mafundi tu. Kompyuta mbili za ofisi ya chama zimekwisha tiwa Packet Tracer. Zitakuwa wazi kila Jumamosi tangu saa 8 mchana hata saa 12 jioni, na Jumapili baada ya ibada kwa wale waliotoka zamu ya usiku. Tumenunua pia mita 50 za kebo, plagi 100, koleo mbili na chombo kimoja cha kupimia. Plagi ikishabanwa vibaya haifunguki tena, kwa hiyo kila mtu atapewa 6 za kujifunzia, na zikimwishia atanunua zake. Ufunguo uko kwa karani.